Kabla hujalipia programu ya duka: niliyowaambia vijana Ipole

(Haya ni maneno niliyoyatoa kwenye kikao cha vijana wa chama, Ipole, wilaya ya Sikonge, Julai 2024. Wengi mmeniomba niyaandike. Nimeyaweka karibu kama nilivyoyasema, nimepunguza tu yale ya kurudiarudia.)



Wazee wangu mliokaa pale chini ya mwembe, shikamooni. Najua mlikuja kusikiliza habari za uchaguzi wa serikali za mitaa, na mzungumzaji wa hiyo yupo, anakuja baada yangu. Mimi nimepewa nusu saa nizungumze habari ya duka la mtandaoni. Nimemwona mzee mmoja amecheka. Cheka tu mzee wangu, lakini usiondoke.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili linaletwa kwenye kikao cha chama. Kijana asiye na hela yake mwenyewe ananunulika. Tumeshaona: elfu tano na fulana, mtu kageuka. Kijana anayeuza kitu chake, mwenye wateja wake Dodoma na Mwanza na Dar, huyo ukimtisha anakuuliza, "Utanifanya nini?" Kwa hiyo tukisema habari za programu ya kuuzia asali, tunasema habari za uhuru. Sitalirudia hilo, mmeshanielewa.

Sasa niwape yaliyotupata sisi.

Kikundi chetu tuko tisa. Tunauza asali, ya nyuki wakubwa na kidogo ya nyuki wadogo. Mnajua wenyewe mambo ya hapa: ukisimama njia panda ya Rungwa, magari ya Mpanda na ya Tabora yanapita, abiria ananunua asali kwenye chupa ya maji ya kunywa, anaondoka, humwoni tena. Akiipenda hana namba yako. Mwaka unaofuata anainunua kwa mtu mwingine, pengine imechanganywa sukari, halafu anasema asali ya Tabora siku hizi mbaya. Tukasema hapana, tutafute namna mteja atupate tena.

Tukachanga. Tukampata fundi wa mjini, akatuambia tovuti ya duka ni milioni moja na laki mbili. Tukalipa. Ikaja tovuti nzuri kwelikweli, picha ya nyuki inaruka juu. Miezi saba ikafanya kazi. Siku moja mwenzetu mmoja akataka kubadilisha bei, akashindwa, maana neno la siri analo fundi. Tukampigia, akasema kubadilisha bei ni elfu thelathini. Tukalipa. Mara ya pili tukabishana. Mara ya tatu simu haipokelewi. Mwaka ulipoisha tovuti ikazimika, na tulipofuatilia tukakuta hata jina la tovuti limeandikishwa kwa jina lake yeye, si la kikundi. Majina ya wateja 140 na namba zao, yote yalikuwa humo. Yamekwenda.

Sikumleta fundi yule hapa ili tumseme. Kosa lilikuwa letu. Tulinunua duka bila kuuliza funguo atashika nani. Ukipanga fremu pale Sikonge, swali la kwanza si hilo? Mbona mtandaoni hatukuuliza?

Baada ya hapo tulirudi kwenye daftari na WhatsApp, tukakaa hivyo mwaka mzima. Ndipo tukaanza upya, safari hii kwa kuuliza kwanza na kulipa baadaye. Ninachowaletea leo ni maswali yale. Ni matano. Sijaleta jibu moja la kila mtu, maana anayeuza viatu vya mtumba na anayeuza asali hawafanani.

Swali la kwanza: mteja wako analipa kwa nini?

Hapa nawarudisha nyuma kidogo, kwa sababu babu zetu walilijua swali hili kuliko sisi.

Hii nchi yetu ilikuwa njia ya misafara. Tabora ilikuwa njia panda: kutoka Bagamoyo unafika Unyanyembe, hapo njia zinagawanyika, moja Ujiji, moja kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, na nyingine zinashuka huku kwetu kusini. Wanyamwezi ndio walikuwa wapagazi na wafanyabiashara wa njia ile. Sasa wakati ule hapakuwa na shilingi njiani. Hela ilikuwa kitambaa, shanga na waya wa shaba. Na shanga si shanga tu. Wasafiri walioandika habari za misafara wameeleza vizuri: shanga nyekundu inapokelewa kwa watu hawa, weusi inapokelewa Ugogo lakini ukivuka hawaitaki, nyeupe huku, za namna nyingine Ujiji. Kitambaa vilevile, merikani au kaniki, kila mahali na chaguo lake. Mkuu wa msafara aliyefungasha shanga za rangi isiyotakiwa alikuwa na mzigo mzima wa hela na bado watu wake wanalala njaa.

Programu nyingi za maduka zimetengenezwa huko kwa watu wenye kadi za benki. Ukifungua sehemu ya malipo unakuta kadi na PayPal. Mteja wangu wa Nzega hana kadi. Ana M-Pesa, Airtel Money au HaloPesa. Na hiyo PayPal, ukiwa na akaunti ya Tanzania, inakuruhusu kulipa lakini haikuruhusu kupokea. Ni shanga za rangi isiyotakiwa, ndugu zangu.

Kwa hiyo kabla hujaangalia uzuri wa programu, uliza: inaungana na malipo ya simu ya Tanzania? Kuna kampuni zinazofanya kazi ya kuunganisha, kama Selcom, AzamPay, DPO na Pesapal. Unajisajili kwao, wanakupa kiungo kinachowekwa kwenye duka lako, mteja anaandika namba yake, anapata ujumbe wa kuweka namba ya siri, pesa inaingia, na duka lenyewe linajua kwamba ameshalipa.

Hilo la mwisho msilidharau. Nani hapa hajawahi kutumiwa ujumbe feki wa muamala? Mnaona! Mtu anakuandikia SMS inayofanana kabisa na ya mtandao wa simu, wewe unafungasha ndoo, unapeleka kwenye basi, jioni unaangalia salio, hakuna kitu. Sisi tumepoteza ndoo mbili za lita kumi kwa njia hiyo. Duka linalothibitisha malipo lenyewe halidanganywi na skrinshoti. Kama huna bado, basi kanuni iwe moja: usiamini ujumbe, angalia salio.

Swali la pili: hongo ngapi njiani?

Leo ukisema hongo tunaelewa rushwa. Lakini kwenye misafara hongo ilikuwa ushuru wa njia. Kila mtemi unayepita kwake unaacha vitambaa kadhaa, na Ugogo walijulikana kwa hilo. Mfanyabiashara mwerevu alizihesabu hongo zote kabla hajaondoka pwani. Asiyezihesabu alifika Tabora mikono mitupu.

Duka la mtandaoni lina hongo zake. Tuzihesabu pamoja kwa mfano rahisi. Chupa ya asali ya nusu lita unaiuza 8,000. Ukitoa asali yenyewe, chupa, lebo na mfuniko, unabaki na 2,000. Kwa mwezi unauza chupa 30. Faida yako ni 60,000.

Sasa chukua programu kama Shopify. Ni ya Canada, ni nzuri, nyepesi kutumia, hata mtu ambaye si fundi anaweza kufungua duka kwa siku moja. Kifurushi chake cha kawaida cha chini, ukilipa mwezi kwa mwezi, ni dola 39. Tukichukua dola kwa shilingi 2,600, hiyo ni 101,400. Gawanya kwa 2,000. Unatakiwa uuze chupa 51 ndipo umlipe mwenye programu, na wewe hujala hata muhogo. Tena malipo yao wenyewe hayapo Tanzania, inabidi uunganishe kampuni nyingine, na kwa kifurushi hicho ukifanya hivyo wanakukata asilimia 2 ya kila mauzo, juu ya makato ya hiyo kampuni nyingine. Ukiuza chupa 500 kwa mwezi, si mbaya, pengine inakufaa kabisa. Ukiuza 30, unamfanyia kazi mtu wa Canada bure.

Halafu kuna WooCommerce. Hii ni programu inayokaa juu ya WordPress. Yenyewe haiuzwi, unaichukua bure, na mtu yeyote anaweza kuifungua aone ilivyoundwa. Lakini msikie neno bure mkakimbilia. Bure ni programu. Jina la tovuti la .co.tz unalilipia kila mwaka. Seva unailipia. Na kuna kazi: kusasisha, kuhifadhi nakala, kuzuia wadukuzi. Usipolipa hela utalipa muda, na usipolipa muda, siku moja utafungua duka ukute linatangaza kamari. Zipo na nyingine za namna hiyo, PrestaShop, OpenCart, na hesabu zake zinafanana na hizi.

Sisi tulichagua WooCommerce kwa sababu gharama yake ya mwaka, jina pamoja na seva, ilikuwa inalipika kwa mauzo ya mwezi mmoja na nusu, na kwa sababu mmoja wetu alikubali kujifunza. Dada yule yuko hapa, mtamwona baadaye. Hakusoma kompyuta chuoni. Alijifunza kwa kutazama video usiku, bando la usiku lilipokuwa nafuu.

Na hongo hazijaisha. Mteja anatuma pesa, anakatwa. Wewe unatoa pesa, unakatwa. Julai 2021 Serikali ikaongeza tozo juu ya miamala ya simu, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Mnakumbuka kelele zile? Septemba mwaka uleule ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa tena. Haikupunguzwa kwa huruma. Ilipunguzwa kwa sababu watu walisema, na wengine waliacha kabisa kutuma pesa kwa simu. Wakati ule wateja wetu walianza kutuma hela kwa kondakta wa basi, kwenye bahasha. Tulirudi enzi za misafara kwa sababu ya sheria ya fedha.

Kwa hiyo andika: mwenye programu anachukua ngapi, mwenye kuunganisha malipo ngapi, mtandao wa simu ngapi, basi ngapi. Kama jumla inazidi faida yako, tatizo si juhudi yako, ni hesabu.

Swali la tatu: funguo ziko kwa nani?

Hili nimeshalisema kwa machungu, nilimalizie kwa vitendo. Jina la tovuti liandikishwe kwa jina lako au la kikundi, na barua pepe iliyoandikishiwa iwe yenu. Neno la siri la juu kabisa walijue watu wawili wa kikundi, si fundi peke yake. Na kabla hujaanza, mwambie anayekuuzia: nionyeshe ninavyotoa orodha ya bidhaa zangu, wateja wangu na mauzo yangu nikitaka kuhama. Akikuonyesha, sawa. Akianza kukuzungusha, kunja hela yako urudi nyumbani.

Vilevile soko la mtu ni soko la mtu. Jumia walikuwepo Tanzania, watu wakaweka bidhaa zao humo, na Novemba 2019 wakatangaza kufunga. Sisemi walikosea, biashara ni yao, wamefanya uamuzi wao. Nasema aliyekuwa na wateja humo tu na hana namba zao, aliamka hana duka. Tumia masoko ya watu, tumia Instagram, tumia kila kitu. Ila kumbukumbu za wateja weka kwako.

Swali la nne: linafunguka kwenye simu ya mtu wa kawaida?

Tovuti yetu ya kwanza, ile ya nyuki anayeruka, ilikuwa inakula bando. Mama mmoja wa Igunga aliniambia, "Mwanangu, nilitaka kununua, bando likaisha kabla sijaona bei." Nikaona aibu. Tulikuwa tumemwekea mteja picha ambazo yeye ndiye anazilipia.

Duka letu la sasa lina picha nane tu, ndogo. Lina maandishi ya Kiswahili, si "add to cart". Limeandikwa "Weka kapuni". Lina ukurasa mmoja unaojibu maswali ambayo watu wanauliza kila siku. Kwa mfano asali ikiganda. Mteja wa Dar akiona asali imeganda anapiga simu, "Mmeniwekea sukari!" Sasa pale tumeandika: asali halisi huganda, hasa kwenye baridi, iweke chupa kwenye maji ya moto kiasi, si yanayochemka, itayeyuka. Simu za lawama zimepungua. Programu yoyote utakayochagua, uliza kama inakuruhusu kuandika Kiswahili kila mahali, mpaka kwenye risiti.

Na jingine dogo: programu ijue mzigo umebaki kiasi gani. Asali ina msimu. Tuliwahi kupokea pesa za ndoo sita wakati ghalani kuna ndoo mbili. Kurudisha hela za watu kwa simu, na makato unayabeba wewe, nakwambia hutasahau.

Swali la tano: njia ikifungwa, utapita wapi?

Mwaka 1871 Mirambo alifunga njia ya Ujiji. Waarabu wa Tabora wakaenda kupigana naye, wakashindwa. Misafara ikakwama Unyanyembe na mizigo yake. Stanley, yule aliyekuwa anamtafuta Livingstone, naye alikwama hapo. Akafanya nini? Septemba aliondoka Kwihara akashuka huku kusini, akapita Ugunda na Ukonongo, akazunguka mbali, Novemba akafika Ujiji. Waliobaki kungoja njia moja ifunguke walibaki.

Sasa tuje kwetu. Oktoba 4, 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram vilizimika dunia nzima kwa kama saa sita. Mei 12 mwaka huu nyaya za baharini zilikatika, intaneti ikasuasua nchi nzima. Hizo ni ajali. Lakini Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi, hiyo haikuwa ajali. WhatsApp na Twitter zilizuiwa, mtu bila VPN hapati kitu. Na kabla ya hapo TCRA iliagiza kampuni za simu zisimamishe kwa muda huduma ya kutuma SMS nyingi kwa pamoja, mpaka Novemba 11. Walisema ni kwa ajili ya uchaguzi. Lakini yule anayetuma SMS kuwaambia wateja wake "mzigo umefika stendi" naye alifungiwa. Mwuza asali, mwuza dawa za mifugo, SACCOS, wote.

Kwa hiyo swali: kesho WhatsApp ikizuiwa wiki mbili, wateja wako watakupataje? Sisi tumejiwekea njia tatu. Tovuti yetu wenyewe. Namba ya simu ya kawaida, ile ya kiswaswadu, imeandikwa kwenye lebo ya kila chupa. Na daftari. Ndiyo, daftari! Kila Jumamosi dada yetu anachapisha orodha ya oda na wateja, inawekwa kwenye faili la karatasi. Mtandao ukizimika, tunapiga simu mmojammoja. Lipa Namba haihitaji intaneti, mteja anabonyeza kwenye kiswaswadu chake pesa inafika.

Hayo ndiyo maswali matano.

Sasa niseme ukweli ambao mafundi hawataupenda. Wengi wenu hapa hamhitaji programu ya duka leo. Kama unapata oda kumi kwa wiki, chukua WhatsApp Business, ni bure, ina sehemu ya kuweka bidhaa na bei, chukua Lipa Namba, nunua daftari la kurasa mia mbili. Hilo ni duka kamili. Siku utakapogundua kwamba umesahau oda, umechanganya mizigo, au unakesha kujibu "bei gani?" watu arobaini, siku hiyo ndiyo ya kuhamia kwenye programu. Na daftari lako ndilo litakalokuonyesha unahitaji ipi.

Daftari lina faida nyingine. Kwa mfanyabiashara mdogo, TRA wanakadiria tofauti kati ya mwenye kumbukumbu na asiyekuwa nazo. Asiye na kumbukumbu anakadiriwa kwa jumla tu, na siku ya kubishana hana cha kuonyesha. Mwenye kumbukumbu anabishana akiwa amekaa.

Nimebakiza mawili, yote ni ya siasa, na la pili litawauma baadhi yenu.

La kwanza ni tunalodai. Tukienda kuomba kura za vijiji na vitongoji mwaka huu, na mwakani uchaguzi mkuu, tusiishie kusema "ajira kwa vijana". Hiyo kila chama kinasema. Tuseme hivi: makato ya muamala mdogo wa biashara yashuke. Intaneti isizimwe wakati wa uchaguzi, na anayetaka kuizima aende mahakamani kwanza. Posta ifike vijijini na kifurushi chenye namba ya kufuatilia, ili mtu wa Ipole asitegemee hisani ya kondakta. Mwaka 2018 zilikuja kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu akatakiwa alipe zaidi ya milioni mbili ili aandike. Kijana anayetaka kuandika habari za ufugaji nyuki akauza na asali yake humo, angezipata wapi? Haya ni madai ambayo mama muuza asali anayaelewa bila kutafsiriwa.

La pili ni tusilotakiwa kufanya. Miezi miwili iliyopita kiongozi mmoja wetu, ninamheshimu, alinijia. Akasema, "Kamanda, nyie mna namba za wateja karibu mia tatu. Tupe, tuwatumie ujumbe wa chama." Nilinyamaza kidogo, kwa sababu mimi ni mwanachama na nakipenda chama. Kisha nikamwambia, "Kaka, samahani, hapana."

Akakasirika. Akaniuliza kama mimi bado niko upande wetu.

Nikamweleza hivi. Yule mteja alinipa namba yake ili nimletee asali. Hakunipa nimwingize kwenye siasa. Wengine ni CCM, wananunua asali yangu kila mwezi, na wanajua mimi ni nani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inasema taarifa za mtu zitumike kwa lile lililokusudiwa. Lakini hata sheria isingekuwepo. Sisi ndio tunaolalamika kila siku kwamba namba zetu zinatolewa, simu zinasikilizwa, ujumbe unasomwa. Tukipewa orodha ya kwanza tu, watu mia tatu, na sisi tukafanya yaleyale, basi tunataka dola ya nini? Tunataka kubadilisha watu au kubadilisha mambo?

Hatukukubaliana siku ile. Baada ya wiki mbili alinipigia, akaagiza ndoo ya lita tano, akalipa kwa Lipa Namba. Mwishoni akasema, "Namba yangu hii uitunze." Nikasema, "Kaka, ndiyo hiyo nilikuwa nakwambia."

Namaliza. Sitaki mtu aondoke hapa akakimbilie kulipia tovuti. Kazi ya wiki hii ni moja. Chukua karatasi, andika oda zako ishirini za mwisho. Kila moja: nani kanunua, alikujuaje, alilipa kwa njia gani, makato yalikuwa kiasi gani, mzigo ulifika kwa siku ngapi, na ulibakiwa na shilingi ngapi mkononi. Kama huna oda ishirini, tafuta oda kwanza, programu itakungoja. Ukishaiandika karatasi hiyo, njoo, dada yetu atakaa na wewe chini ya mwembe huu kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana, bure, uwe mwanachama au usiwe. Mwambie unayemjua, hata kama kadi yake ni ya kijani.

Mzee wangu uliyecheka mwanzoni, nimekuona unaandika namba ya kwenye chupa. Ahsante. Karibu sana.